Kusita, kusitasita na ndugu zake: mhariri wako kakosea wapi

Marahaba dada yangu. Swali lako nimelikuta asubuhi nikasema hili nalimaliza kwa mistari mitano niendelee na mambo mengine, sasa hivi ni jioni na bado naandika, kwa hiyo vuta kiti.

Kwa wanaosoma bila kujua tunaongelea nini: dada huyu kaandika hadithi fupi ya msichana anayeenda kwenye intavyu ya kazi, na ametumia neno kusitasita mara 4. Msichana anasitasita mlangoni kabla ya kugonga, anasitasita akiulizwa kwa nini aliacha kazi ya kwanza, gari ya baba yake iliyomleta inasitasita kwenye kilima, na mwisho anaikubali ile kazi kwa kusitasita maana mshahara haujamridhisha. Mhariri kazifuta zote 4 kaweka kubabaika, af pembeni kaandika kwamba kusitasita ni kwa miguu tu, mtu hasitasiti kwa mdomo. Dada anauliza hiyo sheria ipo kweli? Na kaongeza swali la pembeni, mbona magazeti yanasema kiongozi fulani ana kigugumizi wakati tunamsikia redioni anaongea kama maji?

Sheria hiyo haipo. Mhariri kaitunga mwenyewe, labda siku hiyo alikuwa na haraka. Lakini usishangilie sana maana kati ya hizo sehemu 4 kuna mbili ambazo na wewe umeteleza, tutafika huko.

Tuanze na sita yenyewe. Ukimwambia mtu yeyote anayeongea Kiswahili "akasita", kabla hujamalizia sentensi ameshaona picha: mtu alikuwa anaendelea na jambo, au yuko karibu kabisa kulianza, halafu kitu ndani yake kikamshika. Hiyo ndo roho ya neno. Halijali kilichoshikwa ni mguu, mkono au ulimi. Akasita mlangoni. Akasita kidogo ndipo akajibu. Kalamu ikasita juu ya karatasi, hapo hata kalamu haina moyo lakini tunaelewa ni mkono wa mwenyewe na nyuma ya mkono kuna mtu anayewaza. Sasa mhariri anayesema neno hili ni la miguu tu, nikimuuliza "alisita kujibu" ni Kiswahili cha wapi sijui ataniambia nini, maana hiyo ni sentensi ya kila siku, kila mahakama, kila darasa.

Af kuna kitu kikubwa zaidi hapa ambacho mhariri hakukiona. Kiswahili hakijawahi kuutenga ulimi na mguu kiasi hicho. Ulimi wetu unatembea. Ulimi unateleza, maneno yanakwama, mazungumzo yanakwenda au yanagoma, msemaji anapotea njia kisha anarudi kwenye mada. Wahenga wenyewe walisema afadhali kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana yake waliviweka vyote viwili kwenye barabara moja, kimoja kinagonga jiwe na kingine kinagonga neno. Kwa hiyo neno la kusimama njiani kutumika kwa mwendo na kwa usemi pia wala si ajabu, ajabu ingekuwa litumike upande mmoja tu.

Nikupe na ushahidi mwingine ambao mhariri anaweza kuufungua mwenyewe akitaka. Kwenye Biblia ya Kiswahili ya Union, ile iliyokamilika 1952, kuna pale Eliya anawauliza watu "Mtasita-sita katikati ya mawazo mawili hata lini?" Hapo hakuna mlango wala mguu, ni mawazo. Lakini utamu uko chini yake: kitenzi cha Kiebrania kilichopo pale ni cha kuchechemea, mzizi mmoja na neno la mtu mwenye kilema cha mguu, na mistari michache mbele kitenzi hichohicho kinarudi kwa manabii wa Baali wanaozungukazunguka madhabahu yao. Yani picha ya asili ni ya mtu anayechechemea, leo anaegemea mguu huu kesho ule, na watafsiri walipotafuta neno la Kiswahili linaloweza kubeba mwendo na mawazo kwa pamoja walikamata sitasita. Nadhani walichagua vizuri sana. Wangeweka "mtababaika" maana ingeharibika, Eliya angekuwa anawatuhumu watu kwamba wamechanganyikiwa, wakati yeye alikuwa anawaambia mnajua njia ni mbili na mnazijua zote, chagueni. Ni yuleyule fisi wetu aliyeshindwa na njia mbili, naye hakuchanganyikiwa, alizitaka zote.

Haya sasa, sita na sitasita. Hapa ndo watu wengi wanadhani ni mapambo tu, kwamba ukirudia unasisitiza. Sivyo. Kurudia kitenzi kwenye Kiswahili kunafanya kazi nyingi na mara nyingi kunapunguza heshima ya tendo badala ya kuliongezea nguvu. Mtu anayecheka amefurahi, anayechekacheka tunamtilia shaka. Kuuliza ni haki yako, kuulizauliza ni umbea. Mtoto akilia mnakimbia kuangalia kuna nini, akiwa wa kulialia mnaendelea na shughuli zenu. Kugusa ni mara moja, kugusagusa ni usumbufu. Basi na sita ni hivyohivyo: "alisita" ni mara moja, ni sekunde, na inaweza kuwa hekima kabisa, dereva mzuri anasita kabla ya kuovateki. "Alisitasita" ni kurudia, aanze aache, aanze tena aache, na ndani yake tayari kuna ka-hukumu kadogo ka msimuliaji kwamba huyu mtu hajajiamini au hajaamua. Kwa hiyo ukiandika hadithi usichague kati ya hizi mbili kwa sikio tu eti hii ina mdundo mzuri, jiulize mhusika alishikwa mara moja au alikuwa anashikwa na kuachiwa.

Kiuandishi ni neno moja, sitasita, bila nafasi, na hicho kistari unachokiona kwenye chapa za zamani siku hizi wengi wamekiacha. Viambishi havirudiwi, unasema alisitasita, wakisitasita, hasitasiti. Ukiweka nafasi katikati umeandika kitu kingine kabisa: "waliingia sita sita" maana yake waliingia kwa makundi ya watu 6, na hiyo sita ya namba haina undugu wowote na hii yetu, ile imetoka Kiarabu. Nimewahi kuona taarifa ya mkutano inayosema wajumbe waliingia ukumbini sita sita, na mpaka leo sijui waliogopa au walipangwa.

Na kuna mtego mwingine nautegea wanafunzi wangu kila mwaka, naupenda sana. Andika neno "sitasita" peke yake. Maana yake nini? Mmoja atasema ni kule kuwa na wasiwasi, aanze aache. Mwingine atasema hapana, ni si-ta-sita, yani mimi sitafanya hivyo, sitasita kusema ukweli, sitasita kumchukulia hatua. Wote wawili wako sahihi! Herufi zilezile, mpangilio uleule, moja inasema nina mashaka na nyingine inasema sina mashaka hata kidogo. Kinachotuokoa ni kinachofuata na kinachotangulia, kwenye "anaanza kusitasita" hakuna anayechanganya, na kwenye "sitasita kukushtaki" hakuna anayedhani msemaji anaogopa. Na ukitaka kusema kwamba hutakuwa wa kuanza na kuacha itabidi uandike sitasitasita, ni Kiswahili halali kabisa, ila jaribu kulisoma kwa sauti mbele za watu uone nani atakayesitasita.

Hiyo ya kukanusha ndo mama wa ile sentensi maarufu ya viongozi, "hatutasita kuwachukulia hatua." Nadhani ni moja ya sentensi zilizochoka kuliko zote kwenye lugha yetu. Imesemwa sana mpaka mtu akiisikia anajua hatua yenyewe bado haijachukuliwa.

Kuna nyingine ya aina hiyohiyo, "usisite kuwasiliana nasi", iko chini ya kila barua ya ofisi na kila imeili. Kisarufi haina kosa. Lakini ni sentensi iliyokuja na mzigo wa ofisi kutoka lugha nyingine, kwa sababu ukimwambia Mswahili usisite unakuwa kama umemshuku kwamba alikuwa anasita, na yeye alikuwa hana habari. Kiswahili cha kawaida kinakaribisha: karibu utuulize, ukikwama tupigie, milango iko wazi. Siwezi kusema uache maana imeshaota mizizi, mi mwenyewe kuna siku nimejikuta nimeiandika. Ila kwenye mazungumzo ya mhusika wa hadithi usiiweke, labda mhusika awe ni ofisa anayejisikia.

Sitisha niipitie haraka maana haiko kwenye swali lako ila watu wanaichanganya. Hiyo ni sita iliyotiwa nguvu ya kumfanyisha mwingine, kukisimamisha kitu kinachoendelea: kusitisha mapigano, kusitisha huduma, kusitisha mkataba. Ikishafika hapa wasiwasi wote umetoka, anayesitisha hasiti, anaamua. Na si sawa na kuahirisha, ambako kuna siku nyingine inatajwa au inategemewa, wala si sawa na kufuta, ambako hakuna kurudi. Kusitisha kuko katikati, kitu kimesimama na hujaambiwa kama kitaendelea, ndo maana watu wanaolishwa neno hilo kwenye matangazo huwa hawalali.

Sasa tuje kwa kubabaika, neno la mhariri wako, na hapa nataka nikae kidogo.

Kubabaika asili yake iko kinywani zaidi kuliko mguuni. Mgonjwa mwenye homa kali anababaika, anatoa maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho. Mtu usingizini anababaika. Kutoka hapo likaja kwa mtu mzima mwenye akili zake ambaye amebanwa: kaulizwa ulikuwa wapi jana usiku, anaanza kutoa maneno mengi, hayashikani, macho yanaenda huku na huku, mikono haijui ikae wapi. Angalia tofauti. Anayesita ananyamaza, anayebabaika anaongea. Anayesita hajaanza au amesimama katikati, anayebabaika ameshaanza na anaendelea ila anaendelea vibaya. Kusita kuko kabla ya tendo, kubabaika kuko ndani ya tendo. Kwa hiyo mhariri alipobadilisha ile ya mlangoni akaandika msichana "alibabaika mlangoni kabla ya kugonga", mimi msomaji ninamwona msichana anayehangaika, ameangusha faili, anagonga mlango usio wake, wakati wewe ulitaka nimwone amesimama kimya mkono uko hewani. Hizo ni sinema mbili tofauti.

Af kuna harufu ya hatia kwenye kubabaika ambayo kwenye kusita haipo. Ukisema shahidi alisita kabla ya kujibu, hakimu anaweza kudhani anakumbuka, anapima maneno, ni mtu makini. Ukisema shahidi alibabaika umeshamhukumu, tayari anaficha kitu au hajui anachokisema. Neno hili limezaa watoto wabaya pia: kubabaisha ni kumzungusha mtu na maneno matupu, mbabaishaji ni yule fundi anayekuambia njoo kesho kila kesho, ubabaishaji ni tabia ya ofisi nzima ikiamua kuishi hivyo. Sita haina mtoto wa namna hiyo, hujasikia mtu anaitwa "msitishaji" kwa kumtukana.

Na kuna kubabaika kwingine kwa mtaani, "sibabaiki na mtu", "anababaika na pesa za jamaa", yani kutishika au kupagawa na kitu cha mwenzio. Hapo hata usemi umeondoka, imebaki ile hali ya kupoteza utulivu. Kijana akiambiwa anababaika na dada fulani watu wanacheka, hakuna anayemwonea huruma.

Kabla sijafika kwenye kigugumizi nitaje tu majirani wengine wawili watatu ambao mhariri angeweza kuwatumia kama alikuwa na kiu ya kubadilisha. Kujiumauma: huyu ana la kusema, analijua, ila linamtia aibu au litamtia hatarini, basi anajing'atang'ata, "aah, unajua, sio kwamba, yani..." Hili ni neno zuri sana la mazungumzo na silioni vya kutosha kwenye hadithi. Kumung'unya maneno: anaongea lakini kama ana pipi mdomoni, hataki neno litoke zima, na ndo maana anayesema wazi tunasema kasema bila kumung'unya maneno. Kujikanyagakanyaga: alichosema mwanzo kinakanyagwa na alichosema mwisho. Unaona hapo tena, mtu anaongea lakini neno ni la mguu.

Sasa kigugumizi. Hili lina maisha mawili na lazima tuyatenganishe maana moja ni la watu halisi.

Maisha ya kwanza ni ile hali ya kuongea yenyewe. Mtu anajua neno analotaka, liko kichwani limekamilika, ila likifika kutoka linarudia sauti ya mwanzo, au linavutika, au linaziba kabisa sekunde kadhaa hakuna kinachotoka. Mara nyingi huanza utotoni kati ya miaka 2 na 5, wakati mtoto anaanza kuunga sentensi, na watoto wengi hutoka humo wenyewe. Kwa watu wazima inakadiriwa ni kama mtu 1 kati ya 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Si uoga, si ujinga, na si matokeo ya mtoto kutishwa. Kuna wenye kigugumizi wanaoimba wimbo mzima bila kukwama hata mara moja, halafu wakirudi kuongea kinawarudia. Tangu 1998 tarehe 22 Oktoba imekuwa siku ya kimataifa ya kuwakumbusha watu habari hii. Na ukikaa na mwenye kigugumizi, tafadhali usimmalizie neno. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mwerevu, darasa zima likawa na tabia ya kummalizia sentensi kwa nia njema, siku moja akaniambia faragha kwamba wakimmalizia huwa wanamalizia na jibu ambalo silo lake. Nikajifunza kunyamaza.

Neno lenyewe limejengwa kwa sauti, gu-gu, kitu kinagota kooni, na ndo hiyohiyo unayoisikia ukisema mtu amegugumia maji. Hilo ki- la mbele linaliweka kwenye kundi moja na kithembe, ambayo ni shida nyingine tofauti, ya kutamka s isikike kama th, watu huzichanganya. Unasema ana kigugumizi, ana kithembe. Usiseme "anasitasita" kwa mtu mwenye kigugumizi, hapo ndo kosa la upande wa pili: yeye hasiti. Ameshaamua zamani, nia iko mbele, ni njia ya sauti imeziba. Ukimwandika mhusika wa namna hii ukasema "alisitasita kusema jina lake" umemwambia msomaji kwamba hakutaka kulisema, umembadilishia tabia bila kujua.

Maisha ya pili ndo hayo ya magazetini uliyoniuliza. "Wizara ina kigugumizi gani kutaja majina?" "Mwenyekiti apata kigugumizi kuhusu uchaguzi." Hapo hakuna mwenye shida ya ulimi, ni sitiari, kiongozi anaongea vizuri kuhusu mambo yote isipokuwa hilo moja, akifika hapo neno halitoki. Mwandishi angeweza kuandika anasita, lakini kusita ni mpole mno, anayesita anaweza kuwa anafikiri. Kigugumizi kina kejeli, kinasema mdomo unao, maneno unayo, kinachokuziba tunakijua. Kwa hiyo ndiyo, kiongozi anaweza kuongea kama maji redioni na bado gazeti likasema ana kigugumizi na lisiwe limekosea. Mi binafsi siipendi sana sitiari hii, kwa sababu ya yule kijana wa darasani, inachukua jambo ambalo mtu hakulichagua inalifanya jina la woga. Lakini siwezi kudanganya kwamba haipo au ni kosa la lugha, ipo, imekaa, na inaeleweka kila mahali. Wewe ukiandika utaamua mwenyewe.

Bado gari ya baba.

Hapo dada yangu mhariri hakukosea kufuta, alikosea alichoweka. Gari haisiti kwa sababu haina cha kuwaza, na haibabaiki kwa sababu hiyohiyo. Neno lako lilikuwa kusuasua. Gari inasuasua kwenye kilima: inavuta, inalegea, inavuta tena, unaombea ifike juu. Mafundi watasema inamisi, na kama injini inazima kabisa watasema inakata moto, lakini msimuliaji wa kawaida anasema inasuasua. Kusuasua ni mwendo wa kitu kinachokwenda bila nguvu ya kutosha au bila uhakika wa kufika, na kinapenda zaidi vitu visivyo na moyo: mradi unasuasua, biashara inasuasua, maandalizi yanasuasua, mazungumzo ya amani yanasuasua. Watangazaji wa mpira wasingekuwa na kazi bila neno hili, timu imeanza ligi kwa kusuasua, sare, kufungwa, sare. Lakini angalia straika huyohuyo wa timu inayosuasua, akibaki na kipa peke yake asipige mpaka beki akamfikia, hapo mtangazaji hasemi "alisuasua", anasema alisita. Timu inasuasua, mtu anasita. Sikio la mtangazaji halijasoma kitabu chochote lakini linajua.

Na usitafute "sua" ndani ya suasua kama ulivyoikuta sita ndani ya sitasita. Hakuna anayesema mradi "umesua". Neno limezaliwa likiwa pacha. Tena usilichanganye na kudorora, huko ni kushuka, uchumi unaodorora unakwenda chini, unaosuasua bado uko njiani ila magoti hayana nguvu. Kulegalega nako ni kwa kitu kilichopoteza mkazo, meza inalegalega, msimamo unalegalega, na huyu wa msimamo ndo anakaribiana na anayesitasita lakini tofauti ni kwamba yeye alikuwa ameamua, sasa skrubu zimelegea.

Kitu kingine, taratibu siyo kusita. Hili nalisema kwa sababu naliona kwenye maandishi ya vijana wengi, kila anayekwenda polepole kwao anasitasita. Mzee anayejikongoja na mkongojo wake anajua anakokwenda na hajabadilisha nia tangu ametoka nyumbani. Anayechechemea ana mguu unaouma. Anayenyata hana mashaka hata kidogo, amepanga kabisa, hataki tu kusikika. Anayepapasa gizani anatafuta. Wote hao ukiwapa kusitasita umewanyang'anya nia yao. Swali la kujiuliza ni moja tu, kilichomzuia kiko wapi: kiko kwenye uamuzi wake, basi anasita, kiko kwenye utulivu wake, anababaika, kiko kwenye njia ya sauti, ana kigugumizi, kiko kwenye nguvu au mafuta, inasuasua, kiko kwenye goti, muite daktari.

Sasa turudi kwenye hadithi yako tuimalize. Ile ya mlangoni mimi ningeipunguza iwe "alisita mlangoni, mkono hewani", sita moja, maana ulivyosimulia alisimama mara moja akagonga. Kama kwenye rasimu yako anarudi hadi kwenye ngazi kisha anakuja tena, basi acha sitasita yako, ni yake kabisa.

Ya kuulizwa kwa nini aliacha kazi ya kwanza, hapo inategemea wewe unajua nini ambacho sisi wasomaji hatujakijua. Kama aliondoka kwa sababu ya kawaida ila anatafuta maneno ya adabu, andika alisita. Kama aliondoka kwa jambo analoona aibu kulisema, mpe kujiumauma, na hapo usitaje kitenzi peke yake, tuonyeshe: "Nili... yani, mazingira... unajua kulikuwa na..." nukta tatutatu sehemu tatu hivi zinatosha, ukijaza nukta ukurasa mzima itaonekana kama kompyuta imeharibika. Kama alifukuzwa na sasa anadanganya, basi ni hapo tu, sehemu moja kati ya 4, kubabaika kwa mhariri wako kunakaa vizuri na unaweza kumshukuru.

Gari inasuasua, hilo tumemaliza.

Na ya mwisho, ya kukubali kazi "kwa kusitasita", hii ndo nyingine uliyoteleza. Ulivyoisimulia hakuwa na mashaka tena, ameshapima, ameona hana namna, amesema ndiyo huku moyo unasema mshahara mdogo. Aliyekwishasema ndiyo hasiti tena. Lugha ina msemo wake kwa hilo na ni wa mwili pia, shingo. Andika "aliikubali ile kazi shingo upande", weka nukta, na hapo hadithi yako ifunge.